Ku- ya Kiswahili Mbele ya "To" na "-ing"

Barua ya kuomba kazi hapa kwetu ina mwisho wake. Mwombaji akishataja elimu, uzoefu na wadhamini, hufunga kwa sentensi moja: "I look forward to hear from you." Vijana wa mtaani huniletea barua hizo niwapitie kabla hawajazituma, na sentensi hiyo naikuta mara nyingi kiasi kwamba siku nikiikuta imeandikwa sawa hushtuka kidogo. Ilipaswa kuwa "hearing". Nikimsahihisha mwenye barua, hunijibu kwa hoja, tena hoja nzito: si tulifundishwa kwamba baada ya "to" kitenzi hakiongezwi kitu? Ndivyo alivyofundishwa, kweli. Uvivu haumo katika kosa hilo. Kuna kanuni aliyoishika vizuri, akaipeleka mahali isikofika.

Kiingereza kina namna mbili za kulitaja tendo bila kusema nani analitenda wala lini: "to read" na "reading". Kiswahili kina kusoma, basi. Sarufi za shule huiita ya kwanza infinitivu na ya pili jerandi. Sisi tuna istilahi moja, kitenzi-jina, inayozibeba zote mbili bila kulalamika. Mtu aliyesema kusoma tangu utotoni anafikishwa kwenye njia panda ambayo lugha yake haina, na anachokabidhiwa pale ni orodha: vitenzi hivi hufuatwa na "to", hivi hufuatwa na "-ing", hivi hukubali vyote. Anaikariri, anafanya mtihani, anaisahau. Mimi nasema kwamba kibao cha kuonyesha njia kipo, na kipo ndani ya Kiswahili chenyewe, ila kimesimikwa mahali ambapo somo la Kiingereza halina mazoea ya kutazama.

Tuanze na ku- yetu. E. O. Ashton, ambaye kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944 kiliwafundisha Kiswahili wageni wa vizazi kadhaa, alikipanga kitenzi-jina miongoni mwa ngeli za nomino, na alikuwa na sababu. Ukisema "kuimba kwake kunapendeza", neno kuimba linatawala upatanisho kama kitabu au mti unavyotawala. Lakini papo hapo halijaacha ukitenzi wake. Linabeba yambwa: kumwimbia. Linakanushwa: kutomwimbia. Linanyumbuka: kuimbiwa, kuimbishwa. Ni kama popo, ana mabawa na ana meno. Tukitaka nomino isiyo na utata tunaenda nyumba ya pili, ya uimbaji na usomaji, na huko yambwa huingia kwa mlango wa nyuma, kwa kutumia "wa": usomaji wa barua.

Kiingereza nacho kinajua tofauti hiyo. "The reading of the letter took an hour" ndiyo usomaji wa barua. "Reading the letter took an hour" ndiyo kusoma barua. Zote mbili ni "-ing". Kwa hiyo "-ing" inakaa katika nyumba zetu mbili kwa wakati mmoja, na bado ina ya tatu. Ukisema "nilimwona akivuka barabara", ile -ki- ya akivuka nayo kwa Kiingereza ni "-ing": "I saw him crossing the road". Wazungu wenyewe wameshachoka kuzigawa. Huddleston na Pullum, katika sarufi yao kubwa iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002, waliacha kabisa kutenganisha jerandi na mwenzake wa akivuka, wakaviweka katika fungu moja. Mwalimu anayempa mwanafunzi adhabu kwa kushindwa kuvitofautisha ana mambo mengine ya kufanya.

Asili ya kila umbo inaeleza mengi, kwa hiyo tuifuate kidogo. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, infinitivu haikuhitaji "to". Kitenzi kilikuwa na mwisho wake, "-an". Kuandika kulikuwa "writan". "To" ilikuwa kihusishi cha kawaida chenye maana ya kuelekea, kama ilivyo mtu anaposema anaenda Mombasa. Iliwekwa mbele ya kitenzi hasa pale tendo lilipokuwa lengo, jambo ambalo mtu anaelekea kulifanya, na kitenzi kikabadili mwisho wake kuifuata. Karne zilipopita miisho ya maneno ilichakaa: "-an" ikawa "-en", ikawa "-e", ikatoweka. Kitenzi kikabaki kitupu, na "to" ikapewa kazi ya kukitambulisha. Imefanya kazi hiyo mpaka leo, lakini haijasahau kwao. Popote inapotokea mbele ya kitenzi, mara nyingi bado inanyoosha kidole mbele, kwenye jambo ambalo halijafanyika.

"-ing" ilitoka upande mwingine. Ilikuwa kiambishi cha kuundia nomino, "-ung" au "-ing", kama katika "leornung", yaani kujifunza au elimu. Umbo la kitenzi lenye maana ya "akiimba" lilikuwa na mwisho mwingine kabisa, "-ende". Katika Kiingereza cha zama za kati viwili hivyo vikaja kufanana na vyote vikawa "-ing", na ile nomino ikaanza polepole kujifunza tabia za kitenzi, hadi ikaweza kubeba yambwa yake yenyewe. Kwa hiyo "-ing" ilizaliwa nomino ikakua ikawa nusu kitenzi, na "to" ilizaliwa kihusishi ikaolewa na kitenzi.

Ushahidi wa unomino wa "-ing" hatuhitaji kuutafuta vitabuni. Usikilize mtaa. Pakingi imejaa. Mitingi imeahirishwa. Fundi anafanya wayaringi. Watu wamekwenda shopingi, na aliyetaka tiketi amefanya bukingi mapema. Kiswahili kimechukua maneno haya yote kama nomino, kikayatia katika ngeli ya nyumba na ndoo, kikaendelea na safari. Sasa jaribu kukumbuka neno moja tu lililoingia Kiswahilini likiwa limeongozana na "to" yake. Mimi nimejaribu, sijalipata. Wasemaji wetu, bila kufundishwa na mtu, walitambua kwamba "-ing" ni kitu unachoweza kukibeba ukaondoka nacho, na "to" haibebeki.

Hapa ndipo wanaisimu walipofika pia, kwa njia ndefu zaidi. Dwight Bolinger, Mmarekani, alieleza mwaka 1968 kwamba infinitivu huelekea kutaja jambo la kudhaniwa, linalowezekana, wakati jerandi hulitaja tendo kama kitu ambacho kimeshakuwepo. Randolph Quirk na wenzake watatu, katika sarufi yao ya mwaka 1985, waliona mgawanyo wa namna hiyohiyo: uwezekano upande mmoja, utendekaji upande mwingine. Ukitaka kwa lugha ya nyumbani: "to" ni bado, "-ing" ni tayari. "I want to eat": sijala. "I have finished eating": nimeshakula. "He denied stealing": wizi unaosemwa uko nyuma yake. "He promised to pay": malipo yako mbele.

Bado na tayari ni dira nzuri, lakini mtu akiwa kwenye chumba cha mtihani hawezi kukaa akitafakari falsafa ya wakati. Anataka kitu cha kujaribia haraka. Nacho ni hiki: chukua sentensi yako ya Kiswahili yenye ku-, kisha uiondoe ku- uweke lile umbo la kitenzi linaloishia kwa -e, yaani niende, ale, wasome. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu, vitasema nifikiri na ajibu, lakini sikio lako litavitambua. Sentensi ikikubali, Kiingereza karibu kila mara kitataka "to". Ikikataa, tazama kwanza "-ing".

Tupime. Ameamua kuondoka; ameamua aondoke. Inakubali: "she decided to leave". Tumepanga kusafiri, tumepanga tusafiri. "We planned to travel". Ameomba kusema; ameomba aseme. "He asked to speak". Natamani kumwona, natamani nimwone. "I wish to see her". Sasa upande wa pili. Anafurahia kusoma, "anafurahia asome" hakuna mtu anayesema hivyo akiwa na maana ileile. "He enjoys reading". Wamemaliza kula; "wamemaliza wale" ni kichekesho. "They have finished eating". Amekiri kuiba, "amekiri aibe" haiwezekani. "He admitted stealing". Ameacha kunywa; "ameacha anywe" ni habari nyingine. "He stopped drinking". Ameahirisha kusafiri, "ameahirisha asafiri" haisimami. "She postponed travelling".

Si bahati nasibu. Umbo letu la -e ni umbo la nia, ombi, agizo na matumaini, yaani mambo ambayo bado. Mswahili anaijua tofauti ya bado na tayari tangu ananyonya. Ameihifadhi katika mwisho wa kitenzi, na Mwingereza ameihifadhi mbele yake. Wapo wanaisimu wa lugha za Kibantu wanaoihusisha ku- ya kitenzi-jina na ku- ya mahali, ile ya kule na huku. Kama wamepatia, basi ku- nayo ilianza kama "to", ikielekea mahali. Ila yetu ilifika ikajenga nyumba ya nomino, na kazi ya kuelekea ikabaki zaidi kwa -e.

Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo orodha za vitabuni huwachanganya watu. Chukua napenda. Mtoa hotuba akisema "napenda kuwashukuru wageni wetu", unaweza kumbadilishia: napenda niwashukuru. Inakubali, nayo kwa Kiingereza ni "I would like to thank our guests". Mtu akisema "napenda kuogelea", akiwa na maana kwamba ndiyo raha yake ya Jumapili, "napenda niogelee" haimfai, nayo ni "I like swimming". Wamarekani hasa husema pia "I like to swim", hilo nalikubali, lakini hakuna popote utakaposahihishwa kwa kusema "I like swimming", na hakuna popote utakaposifiwa kwa "I would like thanking". Au chukua ruhusa. "Hapa hawaruhusu kuvuta sigara": hakuna mtu aliyetajwa, -e haina pa kushika, "they don't allow smoking here". "Hawaturuhusu tuvute sigara": mtu ametajwa, -e imeingia yenyewe, "they don't allow us to smoke". Kitabu cha sarufi hutumia nusu ukurasa kueleza jambo hilo. Mswahili amelisema kabla hajakifungua.

Na pale mtendaji anapobadilika, -e inakuwa msaada mkubwa zaidi. Nataka uje. Alimwambia asubiri. Walimwomba aimbe. Kiingereza kinaweka mtu katikati na "to" baada yake: "I want you to come", "she told him to wait", "they asked her to sing". Ile "I want that you come" ninayoisikia kwa wanaoanza ni Kiswahili kilichovaa suti.

Sasa niseme mahali kipimo kinapokwama, maana kipimo kisichotajwa kasoro zake ni biashara ya mganga. Pendekeza ndiye msumbufu mkuu. "Alipendekeza twende" ina -e safi, lakini Kiingereza kinakataa kabisa "he suggested us to go". Kinasema "he suggested going", au kinarudi kwenye sentensi kamili, "he suggested that we go". "Recommend" hufuata nyayo zake pale usipomtaja mtu. "Nafikiria nihame" nayo ni "I am considering moving". Ukivitazama vitenzi hivi unaweza kuona mantiki: anayependekeza au kufikiria analiweka wazo mezani kama kitu cha kutazamwa, hajaanza kulielekea. Lakini mantiki hiyo inaonekana baada ya kujua jibu. Hivi vikariri tu.

Upande wa pili wamo wanaokataa -e na bado wanataka "to". Nimefaulu kupata, amejifunza kuogelea, amekataa kuja: "I managed to get", "he learned to swim", "she refused to come". Wa kwanza na wa pili ni watu waliokuwa wakielekea mahali na wakafika. Wa tatu alielekezwa akagoma. Safari ipo, umbo la -e halipo. Halafu kuna familia ndogo ya "make" na "let", inayokula "to" kabisa. "Alinifanya nisubiri" ni "he made me wait", na "mwache aende" ni "let him go". "He made me to wait" imeenea Afrika Mashariki mpaka inaandikwa magazetini. Kinachowapoteza watu ni kwamba "to" hurudi pale sentensi inapogeuzwa kuwa ya kutendwa: "I was made to wait". Hapo hakuna falsafa. Ni mabaki ya zamani yaliyosahaulika kufagiwa.

Vile vitenzi vinavyokubali maumbo yote mawili kwa maana tofauti huogopwa sana, nami naona vinaogopwa zaidi ya inavyostahili. Kiswahili kimeshavitenganisha vingi kwa njia zake. "Stop" kwetu ni vitenzi viwili: tuliacha kuzungumza, "we stopped talking", tulisimama tuzungumze, "we stopped to talk". Tazama -e ilivyojitokeza yenyewe. "Regret" nayo ni viwili. Barua ya kukunyima kazi inasema tunasikitika kukujulisha, "we regret to inform you", na habari ndiyo kwanza inakuja. Mtu aliyemwaga siri anasema najuta kumwambia, "I regret telling him", na maji yameshamwagika. Kwa "remember" tunatumia wakati wa kitenzi: nilikumbuka kufunga mlango, "I remembered to lock the door"; nakumbuka nilifunga mlango, "I remember locking the door". Tendo likiwa nyuma, Kiswahili hupenda kulitaja kwa -li-, na -li- ni tayari iliyo wazi kuliko zote. "Forget" inakwenda njia hiyohiyo. "Went on" inatenganishwa na mfuatano: aliendelea kulalamika, "he went on complaining", baadaye akawa waziri, "he went on to become a minister". Sentensi hii ya pili utaikuta katika karibu kila taazia ya Kiingereza ya mtu mkubwa, na anayeitafsiri kwa "aliendelea kuwa waziri" amempa marehemu uwaziri kabla ya wakati wake.

"Try" ndiyo inayotuacha mikono mitupu. "I tried to open the window" ni dirisha lililokwama. "I tried opening the window" ni dirisha lililofunguka bila shida, ila joto halikupungua. Kwa Kiswahili yote ni nilijaribu kufungua dirisha, na msikilizaji anangoja sentensi inayofuata ili ajue.

Nije kwenye vihusishi, ambako makosa ni mengi kuliko mahali pengine na ambako kanuni ni rahisi kuliko zote. Bila kusema, baada ya kula, kabla ya kulala, kwa kusoma, badala ya kulalamika, licha ya kuchelewa. Katika zote hizi ku- imefungwa nyuma ya neno lisilokubali kitu kingine ila nomino, na ku- inaingia kwa tiketi yake ya unomino. Kiingereza nacho kinadai nomino mahali hapo, na kati ya watoto wake wawili mwenye unomino ni "-ing": "without saying, after eating, before sleeping, by reading, instead of complaining, despite being late". Ukitoa "about to", yenye maana ya kukaribia kufanya jambo, na ile "but to" ya mtu asiye na budi, kihusishi cha Kiingereza kwa kawaida hakifuatwi na infinitivu. Kanuni yenye nguvu kiasi hicho ni adimu katika lugha ile, na ingestahili kufundishwa siku ya kwanza.

Hapo ndipo ilipolala ile barua ya kazi. "To" ya "look forward to" ni ile ya zamani, kihusishi cha kuelekea ambacho hakijawahi kuolewa na kitenzi chochote. Sura ni moja, watu wawili. Namna ya kuwatambua ni kuweka nomino ya kawaida baada yake. "I look forward to your reply" inasimama. Kumbe "to" hii ni kihusishi, na kitenzi kikija lazima kivae "-ing". "I want to your reply" haisimami; kumbe ile ni ya infinitivu. Kwa kipimo hicho utawakamata ndugu zake wote: "object to", "be committed to", "in addition to", "with a view to". Na utamkamata mjanja kuliko wote, "used to". "Zamani nilikuwa nikitembea kwenda kazini" ni "I used to walk to work". "Nimezoea kutembea kwenda kazini" ni "I am used to walking to work". Sentensi ya kwanza inasema huenda siku hizi unapanda daladala. Ya pili inasema miguu yako haina taabu. Herufi tatu na kitenzi kidogo kimoja ndivyo vinavyozitenga.

Mambo mengine nayapitia haraka. "Gari linahitaji kuoshwa" ni "the car needs washing", umbo la kutenda lenye maana ya kutendwa, au "needs to be washed". Ukisema "the car needs to wash" umelipa gari sabuni. "Start" na "begin" hukubali yote bila tofauti kubwa, isipokuwa zikiwa zenyewe zimeshavaa "-ing": mvua inaanza kunyesha ni "it is starting to rain", maana sikio la Kiingereza halipendi "-ing" mbili zikifuatana. Nomino zilizozaliwa na vitenzi vya "to" hurithi: uamuzi wa kuondoka ni "the decision to leave", ahadi ya kulipa ni "the promise to pay", tabia ya kuchelewa, isiyo na nia wala mwelekeo, ni "the habit of being late". Ukanusho unakaa mbele: "not to go", "not going". Ule ugomvi wa karne na zaidi kuhusu kupachika kielezi kati ya "to" na kitenzi, ambao Henry Alford aliuchochea mwaka 1864 katika kitabu chake kuhusu Kiingereza cha Malkia, utuache. Sisi katika kutomwimbia tumepachika vitu viwili kati ya ku- na mzizi wake na hakuna aliyezimia.

Ila ugomvi mmoja wa Waingereza unatuhusu, tena kwa raha. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake maarufu ya matumizi ya Kiingereza, aliwashukia watu wanaosema "me coming late" pale wanapopaswa kusema "my coming late". Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alimjibu mwaka huohuo kwamba watu wamekuwa wakisema hivyo kwa muda mrefu na lugha haijafa. Ubishi haujaisha, katika maandishi rasmi wengi bado hufuata umiliki, katika mazungumzo wengi hawafuati. Sasa sema kwa Kiswahili: kuchelewa kwangu kuliwaudhi. Kuja kwa Juma kulitushangaza. Hakuna Mswahili anayeweza kusema "kuchelewa mimi kuliwaudhi" akaeleweka kuwa amesema sawasawa. Umiliki kwetu ni lazima. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno, "my coming late annoyed them", ameandika Kiingereza ambacho Fowler angekipigia makofi. Ni mara chache tafsiri ya moja kwa moja humpa mtu ufasaha kuliko wenye lugha, na fursa hiyo isipotezwe.

Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania mtoto husoma masomo yake kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza. Akifika huko hukuta mara nyingi kibao ukutani kinachomwamuru azungumze Kiingereza tu. Nia yake ni njema, na mazoezi ya kuzungumza hayana mbadala. Lakini katika somo hili kibao hicho kinamnyang'anya mtoto kifaa cha kupimia wakati uleule anapotakiwa kupima. Orodha ya vitenzi hamsini vya "to" na hamsini vya "-ing" ataisahau kufika likizo. Ameamua aondoke na wamemaliza kula hatazisahau, kwa sababu hakuwahi kuzikariri.

Mwalimu wa Kiingereza unayesoma haya, jaribu kipindi kimoja. Gawa ubao mara mbili, waache wanafunzi walete sentensi za nyumbani zenye ku-, wabishane zipi zinakubali -e na zipi zinakataa, na vighairi mviandike pembeni kwa chaki ya rangi nyingine. Na wewe kijana uliyemaliza kuandika barua yako usiku huu, kabla hujaituma ifungue tena uitazame sentensi ya mwisho.